Moto wa angani si siri ya jeshi: raia wa Fizi na Baraka wana haki ya kupewa jibu

BARAKA, KIVU KUSINI – Zamani, mwanga ukipita angani usiku juu ya ziwa Tanganyika, wazee wa Fizi walisema nyota imeanguka, kisha wakaendelea na mazungumzo yao. Siku hizi mama akiona mwanga kama huo hana habari ya nyota. Anaamsha watoto, anafunga nguo ndani ya kitenge, anatafuta viatu gizani, na anauliza mlangoni kwa jirani: ni bomu, ni droni, ama ni nini? Kukicha, neno analoweza kupewa ni moja tu: jeshi linachunguza.

Jeshi kuchunguza si kosa. Ni kazi yake, na katika teritori yenye vita kama Fizi, jeshi ambalo lingeona moto angani na kukaa kimya bila kwenda kuangalia lingekuwa limelala. Kosa ni uchunguzi wenye mwanzo usio na mwisho. Kosa ni maafisa kuja, kuuliza maswali, kuandika katika daftari, kupanda gari na kurudi, halafu wale waliouliza swali la kwanza, yaani raia, wasisikie tena lolote. Uchunguzi wa namna hiyo hauondoi woga. Unauongeza, kwa sababu mtu anajiambia: kama halikuwa jambo kubwa, mbona wanaficha?

Msimamo wa habari hii ni huu: kama jeshi limechunguza moto ulioonekana na watu wote, basi matokeo ni ya watu wote. Hata kama matokeo yenyewe ni kusema tu "si bomu, lakini bado hatujajua ni kitu gani."

Mwanga mmoja, vijiji vinahama

Mtu wa mbali anaweza kucheka akisikia kwamba watu wanakimbia juu ya mwanga wa sekunde chache. Acheke, lakini kwanza ahesabu njia ambayo watu hawa wamepita. Goma ilichukuliwa na AFC/M23 mwisho wa Januari 2025. Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Uvira ikaanguka tarehe 10 Desemba 2025, na maelfu ya watu wakashika njia, wengine kuvuka kwenda Burundi, wengine kushuka kwenye barabara ya kandokando ya ziwa kuelekea Fizi na Baraka. Kuna familia zilizokimbia Bukavu zikafikiri Uvira ni salama, kisha zikakimbia tena. Kuna waliotoka milimani, kule Minembwe na vijiji vyake, ambako vita havikungoja mwaka 2025 kuanza.

Watu hao hawahitaji kufundishwa kwamba kifo kinaweza kutoka juu. Droni zimeingia katika vita vya Kivu, na mlio wake unajulikana hata na mtoto ambaye bado hajajua kusoma. Mtu aliyelala darasani au kanisani pamoja na familia nyingine, aliyekwisha kupoteza nyumba mara mbili, akiona moto unakata mbingu, hawezi kungoja asubuhi ili ajue. Anaondoka.

Na kuondoka usiku kuna gharama. Kuna watoto wanaopotea njiani. Kuna mitumbwi inayojazwa kupita kiasi na ziwa likiwa limechafuka. Kuna mgonjwa anayeachwa kwa sababu hakuna wa kumbeba. Kuna muhogo uliolowekwa na mzigo wa ndagala unaoachwa nyuma, na kesho yake hauonekani tena. Kuna motari anayefika kwenye barieri wakati vijana wenye silaha nao wameingiwa na woga, na kidole kiko tayari kwenye bunduki.

Goma ilikwisha kuonyesha nchi nzima ubaya wa kukosa neno wakati mbingu zimebadilika rangi. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka na anga la mji likageuka jekundu. Watu walikimbia, wengine Sake, wengine kuvuka Rwanda, kabla ya kupata maelezo yanayoeleweka ya wapi moto unaelekea. UNICEF ilitangaza kwamba zaidi ya watoto 150 walikuwa wametengana na familia zao. Waliowapoteza hawakuwa wazazi wabaya. Walikuwa wazazi wasiokuwa na habari.

Kimya kinazaa wachawi na wasaliti

Waswahili wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika Fizi msemo huo ni wa hatari. Kama jeshi halisemi moto ulikuwa nini, mwingine atasema. Mmoja atadai ni silaha ya kabila fulani. Mwingine atadai ni ishara waliyopeana maadui. Mwingine atamnyoshea kidole mama mzee anayeishi peke yake mwisho wa kijiji, na kusema moto ule ulitoka kwake.

Mambo haya hayakutungwa. Mwaka 2021, katika Kabare, Kalehe na Walungu, mkoa huu huu wa Kivu Kusini, wanawake waliuawa na makundi ya watu kwa sababu tu walishtakiwa uchawi. Hakuna aliyetoa ushahidi, maana ushahidi wa uchawi haupo. Kilichokuwapo ni woga, na mtu wa kuubebesha.

Katika teritori ambayo Wabembe, Wafuliiru, Wanyindu na Wanyamulenge wamekwisha kuzikana kwa miaka mingi, uvumi mmoja wa usiku unaweza kuchoma kijiji ambacho kile kimondo chenyewe hakikukigusa. Kwa hiyo ofisa anayefunga daftari lake na kunyamaza asifikiri amekaa katikati. Ameacha uwanja wazi kwa mwenye mdomo mkali kuliko wote.

"Ni siri ya vita"

Jibu linalotolewa mara nyingi ni hili: mambo ya usalama hayasemwi hadharani, adui anasikiliza. Ni jibu lenye uzito, na halipaswi kudharauliwa. Hakuna raia mwenye akili anayetaka jeshi litangaze redioni askari wako wapi ama bunduki kubwa zimeelekea wapi.

Lakini hebu mtu aangalie vizuri. Kama moto ulikuwa droni ya adui, adui anajua tayari kwamba ni yake. Kama ulikuwa jiwe kutoka angani, adui hana faida yoyote akisikia hivyo. Kama ulikuwa kipande cha satelaiti kilichokuwa kikirudi duniani, nchi zenye rada kubwa zilikwisha kukiona kabla ya mvuvi wa Mboko. Katika hali zote tatu, asiyejua ni mmoja tu: raia. Siri inayofichwa kwa raia peke yake haimzuii adui hata hatua moja.

Majeshi makubwa ya dunia yameshaelewa jambo hili. Tarehe 6 Juni 2002 jiwe kutoka angani liliungua juu ya bahari ya Mediterania kwa nguvu inayokaribia ile ya bomu la atomiki. Siku hizo India na Pakistani zilikuwa zimekaribia vita. Jenerali Simon Worden wa jeshi la anga la Marekani alionya mwaka ule ule kwamba kama jiwe lile lingefika saa chache mapema na kulipuka juu ya nchi hizo mbili, zisizokuwa na vyombo vya kulitambua, kila upande ungeweza kudhani umeshambuliwa, na vita vingeanza. Jenerali hakusema tufiche. Alisema habari za namna hiyo zifike upesi kwa wanaozihitaji. Leo vyombo vya serikali ya Marekani vinavyoona mioto ya angani dunia nzima vinatoa taarifa ambazo NASA inaziweka wazi kwa yeyote, na orodha yake inarudi nyuma hadi mwaka 1988. Kama jeshi lenye siri nyingi kuliko yote duniani linaweza kusema tarehe, saa na mahali ambapo moto ulionekana, ni siri gani inayofichwa katika Mutambala, Ngandja, Lulenge ama Tanganyika?

Wengine walisema, na hawakupungukiwa kitu

Kenya si mbali. Tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya chuma yenye upana wa karibu mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Watu waliogopa, kama ambavyo mtu yeyote angeogopa. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilikwenda pamoja na vyombo vingine vya serikali, wakalinda eneo, wakakichukua kile chuma. Na kufikia tarehe 1 Januari 2025 tangazo lilikuwa limekwisha kutoka: kwa tathmini ya kwanza, ni pete ya roketi inayopeleka vyombo angani, na si hatari kwa wakaaji. Uchunguzi haukuwa umekwisha. Hawakujua bado roketi ilikuwa ya nani. Lakini walisema walichokijua, wakasema kinachobaki, na mtu wa Mukuku akalala.

Mbali zaidi, mwezi Januari 1978, satelaiti ya Urusi ya wakati ule wa Kisovieti, Cosmos 954, iliyokuwa na mtambo wa nyuklia, ilianguka kaskazini mwa Kanada. Wanajeshi wa Kanada na wa Marekani walitafuta vipande vyake katika theluji kwa miezi. Hawakutafuta ili wafiche. Waliandika walichokiona, wakapima, na Kanada ikapeleka hesabu kwa wenye satelaiti. Mwishoni Wasovieti walilipa dola milioni 3 za Kanada. Hesabu hiyo ilisimama juu ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972, unaosema nchi iliyorusha chombo angani ndiyo inayobeba jukumu la hasara kinapoanguka duniani.

Hapo kuna jambo la mfukoni kwa mkaaji wa Fizi. Siku kipande cha chuma kitakapochoma nyumba Sebele ama kuua ng'ombe Lulenge, nani atadai? Kwa karatasi gani? Ripoti iliyofungiwa kabatini haimlipi mtu hata franka moja.

Baraka yenyewe iliwahi kuona

Wengine watasema hayo ni ya Kanada na Kenya, Kongo ni Kongo. Wamesahau historia ya mji wao. Tarehe 1 Januari 2011 wanawake walibakwa mjini Fizi na askari wa jeshi la serikali. Mwezi uliofuata mahakama ya kijeshi ilikuja kuketi hapa Baraka, mbele ya watu. Wanawake walisikilizwa, majina yao yakilindwa. Askari walisimama mbele ya majaji. Kamanda wao, luteni kanali Kibibi Mutware, alihukumiwa miaka 20 gerezani. Siku zile watu hawakuambiwa "jeshi linachunguza" na kuachwa hapo. Waliona uchunguzi unaanza, unaendelea na unafika mwisho.

Kama jeshi liliweza kufungua mbele ya Baraka nzima jambo la aibu lililofanywa na watu wake lenyewe, haiwezekani lishindwe kusema neno moja juu ya moto wa angani ambao pengine haukufanywa na mtu yeyote.

Jicho la raia nalo ni chombo

Kuna dharau nyingine inayopaswa kukomeshwa: kwamba watu wa vijijini hawajui walichokiona. Wavuvi wa ndagala wanakaa ziwani na taa zao usiku kucha, kutoka Mboko hadi Kazimia na pande zote za Ubwari. Hakuna ofisa anayeiangalia mbingu saa nyingi kuliko wao. Wakiulizwa vizuri, majibu yao yana faida.

Kimondo, yaani jiwe la angani linaloungua, kinapita kwa sekunde chache tu, kwa kasi kubwa mno, na mara nyingi hakina sauti. Kama sauti ipo, inachelewa. Sauti inatembea kilomita moja kwa muda wa sekunde tatu hivi, na jiwe linaungua kilomita makumi juu, kwa hiyo mshindo unaweza kufika baada ya dakika moja hadi nne. Mabaki ya satelaiti yanakwenda polepole zaidi, yanaweza kuonekana kwa dakika nzima, na yanakatika vipande vinavyofuatana kama mitumbwi inayorudi pamoja. Roketi ya mwanga ya kijeshi inaning'inia na kushuka taratibu. Risasi za mwanga zinapanda kutoka chini, kwa mstari. Droni inanguruma, inazunguka, inarudi.

Aliyehesabu sekunde kati ya mwanga na mshindo, aliyekumbuka ulitoka upande wa Burundi ama wa milima ya Itombwe, aliyejua saa, huyo ni shahidi. Na shahidi anaulizwa kwa heshima. Akikamatwa kwa sababu alipiga picha kwa simu, mara nyingine watu watanyamaza, na jeshi litachunguza giza.

Tena kuna jambo la kukumbuka kuhusu dirisha. Mwaka 2013, tarehe 15 Februari, jiwe lililipuka juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi. Watu karibu 1,500 waliumia, wengi wao kwa vioo, kwa kuwa mwanga uliwavuta madirishani na mshindo ukafika dakika moja na zaidi baadaye. Kwa hiyo anayeona mwanga mkali kupita kawaida asikimbilie kioo wala ukuta uliopasuka. Alale chini na watoto wake na kungoja kidogo. Na kikianguka chochote, kiwe jiwe ama chuma, asikiguse, asimruhusu mtoto kukigusa, asikipeleke kwa muuza vyuma. Katika Fizi chuma kisichojulikana kinaweza kuwa bomu ambalo bado halijalipuka.

Yanayopaswa kufanywa

Kinachodaiwa kwa wakubwa wa jeshi na wa serikali katika Fizi na Baraka si kikubwa, na hakihitaji fedha nyingi.

Kwanza, neno la kwanza litoke ndani ya saa 24, hata likiwa fupi: kama kuna aliyekufa, kama kuna hatari, kama watu wabaki walipo. Neno hilo lisomwe na mtu mwenye jina na cheo.

Pili, lisemwe kwa lugha za watu. Tangazo la Kifaransa lililobandikwa ofisini halimfikii mama aliyelala kanisani. Lisomwe kwa Kiswahili, Kibembe, Kifuliiru na Kinyamulenge, katika redio za hapa, sokoni, makanisani na misikitini.

Tatu, wataalamu wa Kongo wa mambo ya ardhi na anga waulizwe, hata kwa simu. Afisa wa ujasusi anajua watu. Mawe ya angani yana wenye kuyajua.

Nne, asitajwe kabila lolote, wala asishtakiwe mtu yeyote, kabla uchunguzi haujasema. Amri hiyo iwahusu askari wa serikali, Wazalendo na kila anayebeba silaha.

Tano, aliyepata hasara aandikiwe karatasi, na uchunguzi ufungwe hadharani kama ulivyofunguliwa hadharani. Kifungu cha 24 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Hakikusema isipokuwa mkaaji wa Fizi.

Tangu MONUSCO iondoke Kivu Kusini mwezi Juni 2024, raia hawana mwingine wa kumuuliza. Waliobaki ni jeshi lao na serikali yao. Jeshi linawaomba raia kila siku walipe habari: nani amepita, gari gani limeingia, kijana gani mgeni amelala kijijini. Raia wanatoa, na wengine wameuawa kwa kutoa. Habari ni barabara ya pande mbili. Jeshi linalotaka kuambiwa kinachopita chini halina budi kuwaambia watu kilichopita juu.